Picha ya Chini: Rangi Inayoitangulia Pasteli

Anayechora sura ya mbwa mweusi kwa pasteli laini hugundua mapema kwamba manyoya meusi si meusi. Penye jua yana bluu, penye kivuli yana hudhurungi nzito, na ndani ya sikio, ngozi inapokaribia, wekundu hujitokeza kwa mbali. Akianza na kijiti cheusi juu ya karatasi nyeupe, weupe utachungulia kati ya kila mstari na mbwa ataonekana kama kamwagiwa majivu. Ndiyo maana wachoraji wengi hutanguliza akriliki nyepesi, wakaiacha ikauke, ndipo pasteli ifuate. Kwa Kiingereza hatua hiyo huitwa underpainting, nayo ndiyo ninayoitafutia jina.

Jina linalokuja haraka ni "rangi ya msingi". Nalikataa. Mwanafunzi yeyote wa sanaa anajua rangi za msingi ni nyekundu, njano na buluu, zile zinazochanganywa kupata nyingine. Kulipa neno hilo kazi ya pili ni kumchanganya mtu anayeanza kujifunza.

"Mpako wa chini" unakaribia zaidi, lakini una kasoro kubwa kuliko inavyoonekana. Fundi anayepaka praima ukutani anataka rangi ya juu ishike. Praima yake haina mwanga wala kivuli. Mchoraji wa pasteli naye anayo praima yake, yenye chembe ngumu zinazoifanya karatasi ikwaruze kama msasa mlaini. Hiyo ndiyo inayostahili kuitwa mpako. Kinachofuata juu yake ni kitu kingine kabisa, na kukiita mpako ni kumwambia mwanafunzi kwamba kazi yake ni kufunika karatasi tu.

Tofauti hii inaonekana vizuri ukiitazama michoro ya Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, na katika mtindo uliobeba jina lake rangi ya nyuma hupakwa kwanza, kisha mnyama huchorwa juu yake. Rangi ile inabaki kuwa mandhari. Mnyama huifunika na kusimama mbele yake. Ninayoizungumzia hapa haiko nyuma ya mnyama. Iko ndani yake, chini ya ngozi na manyoya.

Kwa hiyo napendekeza "picha ya chini". Nalipenda neno picha kwa sababu linaweka sharti. Kabla pasteli haijagusa karatasi, mtu aliyesimama hatua chache aweze kusema: huyu ni mbwa, anatazama kushoto, mwanga unatoka juu. Kama hawezi kusema hivyo, hakuna pasteli itakayookoa kazi.

Akriliki inafaa kwa sababu ikishakauka haiyeyuki tena kwa maji. Unaweza kupitisha brashi yenye maji juu yake na kivuli cha jana kisitikisike, jambo ambalo rangi za maji za kawaida haziruhusu. Ila iwe nyepesi. Akriliki nzito hukauka ikawa utando laini wa plastiki, ikaziba mikwaruzo ya karatasi, na pasteli hukosa pa kushika. Pasteli laini ni unga wa rangi uliofungwa kwa gundi kidogo mno. Kinachoibakiza mahali pake ni ule ukwaruzaji wa karatasi.

Turudi kwenye sikio la mbwa. Picha ya chini imeweka hudhurungi iliyochanganywa na bluu, na wekundu kidogo kwenye shimo la sikio. Juu yake kijiti cheusi hupitishwa kwa ubavu, bila kukandamiza, kufuata mwelekeo wa manyoya kutoka kwenye shina la sikio kwenda nchani. Kisha bluu ya kijivu pale mwanga unapogusa. Shimoni usiongeze kitu: ile akriliki iliyoachwa wazi ndiyo kivuli, na kina chake hupotea mara unapokifunika kwa unga. Nywele mojamoja za ukingoni huja mwisho, kwa penseli ya pasteli iliyochongwa. Ukizidisha matabaka, karatasi hushiba na unga mpya huteleza tu. Kupulizia dawa ya kushikiza husaidia, lakini mara nyingi hutia giza rangi zilizokuwa zinang'aa, kwa hiyo ni bora kuipulizia kabla ya kuweka mwanga wa mwisho.

Jina hili halifungwi na akriliki. Edgar Degas wa Ufaransa, aliyefariki mwaka 1917 kabla akriliki haijafika madukani, alichora kwa wino juu ya bamba, akakandamiza karatasi kupata chapa, kisha akaifunika chapa hiyo kwa pasteli. Hiyo ni picha ya chini ya wino. Vivyo hivyo tutasema picha ya chini ya akriliki, au ya rangi za maji, na mwalimu ataweza kumwambia mwanafunzi bila kuzunguka: picha yako ya chini bado haina kivuli, usishike pasteli.