Nyota Mpingo na Sayari Yake

Ndugu wafratri, na ninyi wakatekista, kuna nyota iitwayo Mpingo. Kabla ya kueleza jinsi ilivyopata jina hilo la Kiswahili, turudi kwanza Paris ya zamani.

Aristoteli alifundisha kwamba ulimwengu ni mmoja tu, wala mwingine hauwezi kuwapo. Walimu wengi wa Paris walimfuata. Lakini tarehe 7 Machi 1277 Askofu Étienne Tempier alikataza mafundisho 219, na mojawapo ni hili: kwamba Mungu hawezi kuumba ulimwengu zaidi ya mmoja. Tusimpe Askofu sifa isiyo yake. Hakusema kwamba dunia nyingine ziko. Alikataza watu wasimwekee Muumba mpaka.

Ushahidi ulichelewa sana. Katika mwaka 1995 Waswisi wawili, Michel Mayor na Didier Queloz, wakitumia darubini ya Haute-Provence kule Ufaransa, waliona nyota 51 Pegasi, iliyo mfano wa jua letu, ikiyumba: mara yatukaribia, mara yarudi nyuma. Kitu kinaivuta. Ni sayari kubwa, uzito wake karibu nusu ya Jupiteri, nayo huzunguka kwa siku 4 na kitu tu. Jupiteri yetu hutumia miaka karibu 12! Wataalamu wengi walikuwa wakifundisha kwamba sayari kubwa huzaliwa mbali na jua lake, penye baridi. Basi wakaona mashaka. Wenzao wakapima tena, wakapata vilevile.

Tangu hapo zimeonekana sayari maelfu. Moja ilitangazwa katika mwaka 2012, kwenye nyota WASP-71, iliyo kubwa na yenye moto kupita jua. Sayari hiyo ipitapo mbele ya nyota yake, nuru hupungua kidogo, ndivyo ilivyotambulikana. Uzito wake wapita Jupiteri mara mbili, na mwaka wake haufiki siku 3. Tarehe 17 Desemba 2019 Umoja wa Kimataifa wa Elimu ya Nyota, ulioanzishwa mwaka 1919, ulitangaza majina yaliyochaguliwa na watu wa nchi nyingi. Watanzania waliiita nyota ile Mpingo, ule mti mweusi wa kuchongea sanamu, na sayari yake Tanzanite, jiwe la thamani lichimbwalo Mererani.

Niliposimulia hayo hapa Bukavu, katekista mmoja mzee aliuliza kama angeweza kuiona Mpingo akisimama kando ya ziwa. Hapana, baba, macho matupu hayaifikii. Nuru hutumia zaidi ya miaka 1,000 kutoka kwake hadi kwetu. Ile inayofika Kivu usiku huu iliondoka huko Tempier hajazaliwa.