Mkokoteni na Kitumbua: Nahau ya Mvurugo wa Ghafla na Historia ya Kongwa

Nahau ya Kiingereza isemayo kupindua mkokoteni wa matufaha ilikwisha kuonekana katika maandishi ya karne ya 18, na George Bernard Shaw aliuchukua mkokoteni huo kuwa jina la tamthilia yake ya mwaka 1929. Maana yake ni kuvuruga ghafla mpango uliokuwa ukienda vyema. Mfasiri akiihamisha neno kwa neno, atamwacha msomaji wa Mlali, wilayani Kongwa, akitafuta matufaha katika nchi ya mtama na uwele. Kiswahili kina nahau yake: kutia mchanga kitumbua.

Hata hivyo, nahau hizi hazilingani kikamilifu. Ile ya Kiingereza kwa kawaida humtaja mpinduaji. Ya Kiswahili ina sura mbili. Katika "fulani amekitia kitumbua mchanga", mtenda yupo. Katika "kitumbua kimeingia mchanga", kiima ni kitumbua, ingawa kilichoingia ni mchanga. Mtenda ametoweka kabisa. Tofauti hiyo ya kisarufi ina uzito katika uandishi wa historia.

Kongwa ni shahidi. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizikagua Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini kwa muda wa wiki tisa hivi, ukapendekeza kilimo cha karanga katika ekari zaidi ya milioni 3. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Udongo ulikwangua vyuma vya mitambo, na ulipokauka ukawa mgumu hata karanga zikashindikana kuchimbwa kwa urahisi; mvua nazo hazikutosha. Mradi ulifutwa Januari 1951, kwa hasara ya takriban pauni milioni 36.

Asemaye kwamba kitumbua cha Kongwa "kiliingia mchanga" hasemi uongo, lakini amewaficha waliokikaanga. Ukame haukuzuka ghafla: Wagogo na Wakaguru walilima nafaka zinazoustahimili kwa kuwa waliijua nchi yao. Mchanga ulikuwamo ungani tangu mwanzo. Kwa hiyo, kabla ya kuteua nahau, mfasiri na mwanahistoria hawana budi kujiuliza swali moja: ni nani aliyeutia?