Mizani Iliyo Wazi: Historia ya Leseni za Programu Huria

Leo tutaeleza habari za leseni za programu za kompyuta. Jambo hili ni changa, lakini tutaanza na jambo la zamani ambalo wazee wa Usukuma wanalijua vizuri, yaani mizani ya pamba.

Katika siku za ukoloni mkulima wa Jimbo la Ziwa alivuna pamba yake, akaifunga, akaipeleka kwa mnunuzi. Mizani ilikuwa ya mnunuzi. Yeye ndiye aliyeisoma, ndiye aliyetaja uzito, na ndiye aliyelipa. Mkulima asiyejua kusoma tarakimu alipokea alichopewa, akarudi nyumbani na mashaka yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walichoka. Wakaweka watu wao wenyewe, wanaojua kusoma, wahakikishe uzito wa pamba. Vyama vya ushirika vikaenea vijijini, na mwaka 1955 vikaunganishwa kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, likiongozwa na Bwana Paul Bomani. Baadaye Shirikisho likapata hata vinu vyake vya kuchambulia pamba.

Funzo lake ni hili: mtu asiyeruhusiwa kutazama mizani hana njia ya kujua haki yake. Likumbukeni, maana tutalihitaji.

Sasa, programu ni nini? Programu ni maagizo ambayo kompyuta au simu huyafuata. Mtaalamu huyaandika kwa maneno na alama ambazo mtaalamu mwingine anaweza kuzisoma na kuzisahihisha. Halafu maandishi hayo hugeuzwa kuwa tarakimu tupu. Mashine huzifuata tarakimu hizo, lakini ni vigumu sana kwa binadamu kuzisoma. Basi ukiuziwa tarakimu peke yake bila maandishi yake ya asili, umeuziwa mizani iliyofunikwa kwa kitambaa.

Kiasi cha mwaka 1980, katika chuo cha MIT huko Marekani, palikuwa na mtaalamu aitwaye Richard Stallman. Chuo kilipata mashine mpya ya kuchapa karatasi, iliyotengenezwa na kampuni ya Xerox. Karatasi zilikwama mara kwa mara. Mashine ya zamani alikuwa ameirekebisha programu yake, ikawa inawaarifu watu karatasi zikikwama. Alitaka kuifanyia mpya vivyo hivyo, lakini maandishi ya programu yake hayakutolewa. Akamwendea mtaalamu wa chuo kingine aliyekuwa nayo. Yule akakataa, kwa sababu alikuwa ameahidi kuyaficha.

Mwaka 1983 Stallman alitangaza kwamba ataanzisha kazi ya kuandika programu ambazo kila mtu ataruhusiwa kuzifungua na kuzitazama. Aliita kazi hiyo GNU. Mwaka 1989 ikatolewa leseni iitwayo GPL. Tazameni hekima yake. Sheria humpa mwandishi haki juu ya maandishi yake, hata mtu mwingine asiyanakili bila ruhusa. Stallman hakuitupa haki hiyo. Aliishika, akatoa ruhusa kwa sharti. Ni kana kwamba alisema: "Itumie programu hii kwa kazi yoyote. Isome. Ibadilishe. Mpe au muuzie mwenzako. Lakini ukimpa mwenzako, umpe na maandishi yake ya asili, na umwachie ruhusa zile zile nilizokupa wewe."

Mwaka 1991 kijana wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland, jina lake Linus Torvalds, alitoa programu iitwayo Linux, na mwaka 1992 akaiweka chini ya leseni hiyo ya GPL. Msidhani kwamba Linux iko mbali nanyi. Simu za Android, ambazo wengi wenu mnazo mifukoni, zina Linux ndani yake.

Leseni hizi zimetufaa sisi wenyewe. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakisaidiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kupigia hesabu yenye maneno ya Kiswahili. OpenOffice ilikuwa programu huria. Ruhusa ya kuifasiri ilikuwa imekwisha andikwa ndani ya leseni yake. Wataalamu wetu hawakulazimika kungoja mpaka kampuni ya ng'ambo ione faida ya lugha yetu.

Labda mtauliza: "Ikiwa ni huria, mfanyabiashara ana wajibu gani?" Hapa ndipo wengi hukosea. Huria maana yake si kitu kisicho na mwenyewe. Kisima cha kijiji hakina malipo, lakini kina taratibu zake, na anayezivunja huulizwa.

Mwaka 2003 watu walifungua kifaa cha intaneti cha kampuni ya Linksys, ambayo mwaka huo huo ilinunuliwa na kampuni kubwa ya Cisco. Wakakuta ndani yake mna Linux, lakini wanunuzi hawakupewa maandishi ya asili. Watu wakadai haki yao, na mwaka huo maandishi yakatolewa. Mafundi wakayasoma, wakakifanya kifaa kile kifanye kazi nyingi zaidi. Hata hivyo madai juu ya bidhaa nyingine za Cisco yaliendelea, na mwaka 2008 shirika lililoanzishwa na Stallman likaishtaki kampuni hiyo. Walipatana mwaka 2009. Cisco ilikubali kuweka mtu maalumu wa kuangalia wajibu huo, na kulichangia shirika hilo fedha. Huko Ujerumani, mwaka 2004, mahakama ya Munich iliamua kwamba masharti ya GPL yana nguvu ya kisheria. Na kwetu Tanzania Bara, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu.

Basi mwenye duka, karakana au chama cha ushirika afanye nini? Kwanza, awe na daftari la programu anazotumia, na leseni ya kila moja. Pili, ajue kwamba leseni hazifanani. Nyingine, kama MIT na Apache, ni nyepesi: unaweza kuuza kazi yako bila kutoa maandishi yake, mradi uache jina la mwandishi na maneno ya leseni mahali pake. GPL inadai zaidi, kama tulivyoona. Tatu, atofautishe kutumia na kugawa. Ukitumia programu ya GPL ofisini mwako tu, hudaiwi kumpa mtu maandishi. Ukiiuza au kuigawa, deni linaanza. Lakini iko leseni iitwayo AGPL: ukiibadilisha programu yake na watu wakaitumia kwa njia ya intaneti, wao pia wana haki ya kupata maandishi yake. Nne, amwulize anayemwuzia: "Ndani mna nini, na kwa leseni gani?" Deni hufuata bidhaa. Ukiuza ulichouziwa, huwezi kujitetea kwa kusema hukuandika wewe.

Na ninyi wanunuzi mna haki yenu. Fikirini chama cha ushirika kilichonunua programu ya kuandika uzito wa pamba na malipo ya wanachama. Siku moja hesabu hazilingani, na fundi aliyeiuza amehama. Kama programu ile ni ya GPL, chama kina haki ya kupewa maandishi yake na kumtafuta fundi mwingine ayasome. Lakini haki hiyo haimfai mtu asiyejua kwamba anayo. Imeandikwa katika leseni, nayo leseni husomwa.

Wakulima wa miaka ile walihitaji mtu wa kuwasomea mizani. Ninyi mnajifunza kusoma wenyewe. Kabla ya kulipa fedha za chama au za duka, ombeni leseni, isomeni polepole, na neno msilolielewa liulizeni.

Maswali ya kujadiliana darasani:

1. Kwa nini wakulima wa pamba waliweka watu wao wa kuhakikisha uzito?
2. Stallman aliitumiaje haki ya mwandishi?
3. Kuna tofauti gani kati ya kutumia programu ya GPL na kuigawa?
4. Chama chenu kikitaka kununua programu, mtamwuliza nini muuzaji?