Majani ya Dawa kwa Kuku wa Mayai

Bibi zetu waliponda shubiri na mwarobaini wakatia katika maji ya kuku. Wataalamu walishika njia nyingine. Mwaka 1950, huko Marekani, Stokstad na Jukes walitangaza kwamba dawa ya Aureomycin, ikichanganywa kidogo tu na chakula, hukuza vifaranga upesi. Basi viwanda vikaifuata njia hiyo miaka mingi. Kumbe vijidudu navyo vinazoea dawa, hata zile zinazotutibu sisi watu! Sweden ikapiga marufuku mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya wote tarehe 1 Januari 2006. Hapo ndipo vitunguu saumu na majani yenye harufu vikaanza kutafutwa tena.

Mchicha hukoleza kiini cha yai, hilo halina ubishi. Lakini mdondo, uliotambuliwa mwaka 1926 huko Java na Newcastle, Uingereza, hausikii mwarobaini. Nimeona banda zima likiisha, na maji ya mwarobaini bado yamo kwenye sahani. Mdondo ni chanjo, ndugu: tone moja jichoni, kuku akiwa bado mzima. Ile ya I-2 hurudiwa kila miezi mitatu.