Kipimo na Majeruhi: Tathmini na Utengamao wa Walioumia Ugwe Mgongo, 1944–1997

Historia ya tiba ya walioumia ugwe mgongo, yaani neva kuu ipitayo ndani ya uti wa mgongo, husimuliwa zaidi kama historia ya kuokoa maisha. Namna majeruhi hao walivyopimwa hutajwa kwa kupita tu, ilhali kipimo ndicho kilichoamua nani ahesabiwe kuwa amepata nafuu.

Kwa karne nyingi hapakuwa na haja ya kipimo. Mafunjo ya Misri ya kale yajulikanayo kwa jina la Edwin Smith yanamweleza mtu aliyeteguka pingili za shingo na kupooza mikono na miguu, kisha yanatamka kuwa maradhi hayo hayatibiwi. Hukumu hiyo ilikuwa bado na nguvu katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Majeruhi waliuawa na vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo zaidi kuliko jeraha lenyewe. Donald Munro wa Boston alianza kuipinga katika miaka ya 1930.

Pingamizi kubwa zaidi lilitoka Uingereza. Tarehe 1 Februari 1944, Ludwig Guttmann, daktari wa neva Myahudi aliyekimbia utawala wa Wanazi mwaka 1939, alifungua kitengo cha majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Aylesbury. Aliwaondolea wagonjwa plasta ngumu walizofungwa, akaagiza wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Mkojo ulitolewa kwa mpira uliosafishwa kwa uangalifu. Zikafuata karakana za useremala na ufundi saa, kisha michezo: tarehe 29 Julai 1948 majeruhi 16 walishindana kulenga shabaha kwa upinde. Guttmann aliyapima mafanikio kwa idadi ya waliorudi nyumbani na kazini. Hicho nacho kilikuwa kipimo, ingawa hakikuwa na jedwali.

Jedwali lilikuja mwaka 1969, wakati Hans Frankel na wenzake wa hospitali hiyohiyo walipochapisha madaraja matano, A hadi E. Lengo lao lilikuwa mahususi: kuonyesha matokeo ya kurekebisha mifupa iliyovunjika kwa mkao na mito, bila upasuaji. Daraja A lilikuwa la asiye na hisia wala mwendo chini ya jeraha. B la mwenye hisia pekee. C la mwenye mwendo usiomfaa kitu. D la mwenye mwendo unaomfaa. E la aliyepona. Utata umo katika neno "kufaa". Kumfaa nani, na kwa kazi gani? Msuli unaomwezesha mtu kusimama kwa dakika moja huenda ukamfaa mkulima usimfae karani. Madaktari wawili wangeweza kumpa mgonjwa mmoja herufi mbili tofauti.

Chama cha Marekani cha Majeraha ya Uti wa Mgongo kilijaribu kuondoa utata huo kwa viwango vyake vya mwaka 1982, vilivyoboreshwa mwaka 1992. Misuli kumi kila upande ilipewa alama 0 hadi 5. Hisia zikapimwa kwa pamba na pini katika sehemu 28 za ngozi kila upande. "Kufaa" kukawa hesabu ya misuli iliyofikia alama 3. Daraja A nalo likafungwa kwenye swali moja: je, kuna hisia au mkazo wowote katika njia ya haja kubwa? Usahihi ulipatikana, lakini kilichopimwa kilibaki kuwa neva.

Pengo hilo ndilo Amiram Catz na wenzake wa Israeli walilolishughulikia mwaka 1997, kwa kipimo cha alama 100 kinachouliza kama mtu anajilisha, anajiogesha, anapumua bila msaada, anamudu haja zake na kujihamisha mwenyewe. Majeruhi wa daraja A aliyejifunza kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu hakusogea hata herufi moja katika kipimo cha 1969. Katika kipimo cha 1997, tendo hilo lina alama zake.