Mnana kichwa-cheusi: kupiga picha aina zake kandokando ya Ziwa Victoria

Mnana kichwa-cheusi (Ploceus cucullatus) ni ndege mfumaji wa manjano. Dume, msimu wa kuzaa, huwa na kichwa cheusi na macho mekundu. Kisumu hatafutwi: viota vyake huning'inia kwa makumi katika mti mmoja, mara nyingi juu ya ua wa mtu, na kelele zake husikika tangu alfajiri. Waluo humwita osogo. Kwa kuzoeleka huko, wasafiri wengi humpita bila kuinua kamera, na ni hasara kubwa, kwani ndege huyu habaki yuleyule kutoka ziwani hadi pwani.

Kenya magharibi, Kisumu ikiwemo, huishi nususpishi bohndorffi. Weusi wa kichwa chake umepakana na rangi ya hudhurungi kisogoni na kifuani, na mgongoni michirizi miwili myeusi huchora umbo la V juu ya manjano. Upande wa mashariki yupo paroptus, asiye na V. Mgongo wake ni mchanganyiko wa madoa meusi na manjano. Picha ya uso peke yake, hata ing'ae vipi, haimtambulishi. Mgongo ndio ushahidi.

Na mgongo ndio unaokosekana. Anayesimama chini ya mti hupata matumbo tu, hasa dume anaponing'inia kichwa chini chini ya kiota akipigapiga mabawa kuwaita majike. Afadhali kungojea pale madume wanapochana nyuzi za kufumia, kwenye mahindi, matete au migomba: hutua chini, hushika jani, na kugeuza mgongo kwa sekunde chache. Kasi ya 1/1600 ya sekunde hutosha. Manjano huungua upesi katika jua la ikweta, kwa hiyo mwanga upunguzwe kidogo ikiwa nyuma kuna majani, na kazi iishe kabla ya saa nne asubuhi. Mwenye ua aombwe ruhusa kwanza. Tawi lenye viota lisivutwe kamwe.

Kwenye mafunjo ya Dunga, kusini mwa mji, wapo jamaa zake wa kuchanganya. Mnana mgongo-njano ana kichwa cheusi pia, lakini ni mdogo zaidi na mgongo wake hauna V. Mnana koo-kahawia wa kaskazini hujulikana kwa macho meupe. Majike, pamoja na madume walio nje ya msimu, ni heri waandikwe jina la spishi tu.

Picha yenye tarehe na mahali hufaa mradi wa Kenya Bird Map, unaogawa nchi katika miraba ya takriban kilomita 9 kila upande. Zinazohitajika zaidi ni za katikati ya safari, kati ya bohndorffi wa magharibi na paroptus wa mashariki, yaani Bonde la Ufa na nyanda zake za juu, ambako msafiri wa Kisumu kwa kawaida huwa amesinzia garini.