Nta ya Kitako

Wanahistoria wetu wameandika mengi juu ya bunduki. Wametueleza jinsi zilivyofika Unguja kwa meli, zilivyopanda bara kwa misafara, na zilivyobadilishwa kwa pembe za ndovu. Mimi nami niliyafundisha hayo kwa miaka mingi kwa vijana waliokuja chuoni kusomea ualimu. Lakini bunduki ni chuma na ubao, na juu ya ubao sijapata kusoma hata ukurasa mmoja. Naomba msomaji aniruhusu niseme machache juu ya ubao huo, na juu ya nta iliyoulinda.

Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, aliijenga dola yake kwa rugaruga wenye magobore. Aghalabu hizo zilikuwa bunduki ambazo majeshi ya Ulaya yalikwisha kuziacha baada ya kupata zile zinazopakiwa kwa nyuma. Kisha mwaka 1890 mataifa makubwa yalitia sahihi mkataba wa Brussels, uliozuia bunduki za kisasa kuingizwa, isipokuwa kwa ruhusa maalumu, katika eneo lote la Afrika kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini. Gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu ziliachiwa upenyo, nazo kwa masharti. Mkataba ulitaja shabaha yake kuwa ni kukomesha biashara ya watumwa, na sikatai kwamba bunduki ziliilisha biashara hiyo. Hata hivyo, mataifa hayohayo ndiyo yaliyokuwa yakigawana nchi zetu. Mwananchi alibakiwa na silaha kuukuu, na ilimpasa aifanye idumu.

Babu yangu mzaa mama, huko Unyamwezi, alikuwa na gobore moja la namna hiyo, lenye leseni yake. Kitako kilichotoka nalo ng'ambo kilikwisha kupasuka kabla mimi sijazaliwa, na fundi wa kijijini akachonga kingine kwa mninga. Alichagua vizuri. Wazungu walipenda mti wa jozi. Sisi tuna mninga, ambao haunyauki sana wala hauvimbi sana, na patasi huuridhia.

Adui wa kitako ni maji. Ubao ukinywa maji huvimba, ukikauka husinyaa, na kwa kwenda na kurudi huko hupata nyufa, hasa pale ulipotobolewa ili kupachika mtambo wa kufyatulia. Gobore lina mshindo mzito. Ufa mdogo leo ni kitako vipande viwili kesho, karibu kabisa na shavu la mwindaji. Kwa hiyo msidhani babu alikuwa akitafuta urembo.

Masega yaliyokwisha kukamuliwa asali yalichemshwa ndani ya maji, yakachujwa kwa kipande cha gunia, na chombo kikaachwa kipoe. Nta huelea, ikaganda juu kama sahani ya manjano. Babu aliiyeyusha tena kwenye kigae, mbali na ndimi za moto, akatia mafuta ya mbarika kidogo ili ilainike. Alikianika kitako juani mpaka kikapata joto, kisha akakisugua kwa kitambaa, akikawia kwenye ncha ya nyuma, ambako mishipa ya ubao imekatwa na hunywa maji kuliko popote. "Hapa ndipo kinywa chake, mjukuu wangu," alikuwa akisema. Iliyozidi aliifuta. Nta nene hunata mkononi na kukusanya vumbi.

Askari wa zamani wa KAR walikuwa na desturi nyingine: bunduki zao za Lee-Enfield zilipakwa mafuta ya kitani. Tofauti yake ni kubwa. Mafuta ya kitani huingia ndani ya ubao, huvuta hewa ya oksijeni, na hugeuka kuwa kitu kigumu. Nta haigandi namna hiyo. Hukaa karibu na uso, na ikifika nyuzi 62 hadi 65 za Selsiasi huyeyuka. Hulainika mapema zaidi, jambo linalojulikana na kila aliyesahau bunduki juani. Kusema kweli, nta peke yake ni ulinzi dhaifu: huteleza tone la mvua, lakini unyevu wa hewa huupunguza mwendo tu. Bora ni mafuta kwanza, nta baadaye. Babu hakuwa na mafuta ya kitani. Alikuwa na nyuki, na alirudia kazi ile kila kabla ya masika.

Wakati huohuo nta ya miombo ile ilikuwa bidhaa. Wakati wa Wajerumani ilikuwa miongoni mwa mazao yaliyosafirishwa ng'ambo kutoka bara, na reli ilipofika Tabora mwaka 1912 haikuhitaji tena mabega ya wapagazi. Ulaya nta ya nyuki ilikuwa kiungo cha kawaida cha dawa za kung'arishia mbao, za samani na za bunduki pia. Sisi tulipeleka nta nzuri, tukaletewa bunduki mbovu.

Miaka michache iliyopita niliona gobore katika maonyesho fulani. Kibao kiliandikwa kwamba ni bunduki ya Ulaya ya karne ya 19. Mtutu, sawa. Nilimwomba kijana mlinzi aniruhusu niinamie kitako. Kilikuwa mninga, alama za tezo zikionekana, na kwenye ncha ya nyuma utando wa manjano umejaa katika mishipa ya ubao. Nilikwangua kidogo kwa ukucha, nikanusa.